Kurudi Darasani Huku Biashara Ikiendelea: Mwongozo Kamili wa Kujifunza na Kuanzisha Biashara Ndogo Lamu

Kwa miaka 3 nilitengeneza achari ya maembe nyumbani kwangu Langoni, katika mji wa kale wa Lamu, na kwa muda wote huo niliamini kwamba ninapata faida. Chupa zilikwisha, wateja walirudi, na kila jioni kibweta changu kilikuwa na fedha. Nilipofikia umri wa miaka 36 nilijiunga na darasa la jioni la ujasiriamali, na katika juma la pili mkufunzi alitutaka kila mmoja wetu aandike gharama zote za bidhaa moja anayoiuza, bila kuacha hata kiberiti. Nilimaliza hesabu ile nikiwa kimya, kwa sababu karatasi ilinionyesha kwamba kila chupa iliyotoka mlangoni kwangu ilitoka na sehemu ya jasho langu ambayo hakuna aliyeilipa. Hesabu yenyewe nitaionyesha hapa chini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari ana kazi mikononi: mama wa bajiya na viazi karai, msusi wa mikeka wa Matondoni, kijana wa boti, fundi wa nakshi, mvuvi anayetaka kuuza samaki mwenyewe badala ya kumtegemea tajiri mmoja. Aliyeko Malindi atautumia vilevile, isipokuwa leseni yake atapewa na Kaunti ya Kilifi badala ya Kaunti ya Lamu. Ninachosisitiza ni kwamba mtu mzima asisubiri kumaliza masomo ndipo aanze biashara, wala asianze biashara akaliacha somo kwa ajili ya siku atakayopata nafasi. Mambo hayo mawili yaende pamoja, na kila somo lifikishwe kwenye meza ya kuuzia kabla juma halijaisha.

Juma 4 za daftari kabla ya darasa

Kabla ya kuulizia ada ya darasa lolote, nunua daftari la kurasa 96 na ulipige mistari ya safu sita: tarehe, mauzo ya fedha taslimu, mauzo ya simu, manunuzi na gharama, ulichotoa kwa matumizi ya nyumbani, na waliochukua kwa deni. Andika kila siku kwa juma 4, hata siku ambayo hukuuza kitu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo ni la kufuatwa kama lilivyo, kwa kuwa fedha ya biashara ndogo haiibiwi usiku. Huondoka mchana, shilingi 50 ya maziwa hapa, shilingi 200 ya nauli ya mtoto pale, bila mtu kuiona. Safu ya matumizi ya nyumbani ndiyo inayowashangaza wengi. Usiifiche wala usiipunguze, kwa maana hakuna atakayeisoma ila wewe.

Katika safu ya tarehe, andika tarehe mbili, ya miladi na ya hijria. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa miladi, na huku kwetu mwezi huo hugeuza biashara yote ya chakula: chai ya asubuhi hufa, na vyakula vya futari huuzwa kabla jua halijatua. Ukilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana bila kujua Ramadhani iliangukia wapi, utajipongeza au kujilaumu bila sababu.

Juma 4 zikipita, keti na ujiulize ni swali gani daftari limelileta na wewe huwezi kulijibu. Pengine mauzo ni mengi lakini fedha haionekani. Hapo unahitaji somo la gharama na bei. Pengine wadeni wanakula mtaji. Hapo unahitaji somo la mikopo na makubaliano. Pengine bidhaa hulala. Hapo unahitaji kujifunza soko. Mtu anayeingia darasani akiwa na swali lake hutoka na jibu, ilhali anayekwenda kusomea biashara kwa jumla mara nyingi hutoka na cheti tu. Hili si jambo dogo. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Taifa uliofanywa mwaka 2016 ulionyesha kwamba biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa nchini Kenya katika kipindi cha miaka 5, na karibu nusu yake zilifungwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kuchagua darasa

Njia ya kwanza na ya karibu ni chuo cha ufundi cha kaunti. Katiba ya mwaka 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti, na mitaala ya ufundi nchini huliweka somo la ujasiriamali pamoja na somo la kazi yenyewe, iwe ushonaji, mapishi au useremala. Uliza kama wanapokea mtu mzima kwa masomo ya muda mfupi, na usione haya kuketi na vijana.

Njia ya pili ni mafunzo yanayofuata mtaala wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambao umeenea katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Mtaala huo umegawanywa sehemu nne: kupata wazo la biashara, kuanzisha biashara, kuboresha biashara iliyopo, na kuipanua. Nauthamini mgawanyo huu kwa sababu humzuia mtu mwenye duka la miaka 5 kurudishwa kwenye somo la kutafuta wazo, na humzuia asiye na chochote kufundishwa kuajiri watu 20. Waulize afisa wa biashara wa kaunti na ofisi ya MSEA, mamlaka ya biashara ndogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ni lini wakufunzi wanafika, kwa kuwa mafunzo mengi ya aina hii hayatozi ada lakini nafasi hujaa mapema.

Njia ya tatu inamfaa mwenye ujuzi wa mikono asiye na karatasi. Fundi aliyejifunza kuchonga milango kwa mjomba wake anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaoanzia daraja la III hadi la I. Aidha, tangu mwaka 2024 Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa kwa kazi anayoiweza na akapewa cheti bila kurudia masomo. Cheti hakiuzi mlango, lakini hufungua kandarasi ambazo huwezi kuziomba bila karatasi.

Masomo ya bure ya intaneti yapo mengi, na karibu yote ni kwa Kiingereza. Sisi tulikuwa watu wanne tukishiriki bando moja: binti aliyemaliza sekondari alisikiliza na kutueleza kwa Kiswahili, nasi wengine tukamletea mifano ya biashara zetu. Naamini tulielewa zaidi ya waliosoma peke yao, kwa kuwa mtaji, faida, mali kauli (kuchukua bidhaa ukalipa baada ya kuuza) na bei ya jumla ni maneno tuliyokuwa tukiyatumia tangu utotoni, na kilichokosekana ni mtu wa kutuonyesha hesabu iliyomo ndani yake.

Usilipe ada kabla ya kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kwa kuwa orodha ya vyuo vilivyosajiliwa huwa wazi kwa umma. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alilipa shilingi 12,000 kwa chuo ambacho sitakitaja, akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na alipokipeleka kuomba kazi ya mafunzo akaambiwa hakitambuliki popote. Uliza pia mambo haya kabla ya kutoa fedha: je, nitafanyia kazi hesabu za biashara yangu mwenyewe au mifano ya kitabuni, je, mkufunzi atakuja kuiona biashara yangu baada ya darasa, je, saa za masomo zinamruhusu anayerudi kwa boti kufika kwao kabla ya giza, na zinaheshimu nyakati za sala? Darasa linalomaliza saa mbili usiku mjini si darasa la mtu wa Kipungani, hata likiwa zuri namna gani.

Hesabu ya chupa moja

Hapa ndipo penye uzito, na ningependa msomaji achukue kalamu. Hizi ndizo gharama nilizoziandika juma lile la pili kwa kila mzunguko mmoja wa achari, uliotoa chupa 40 za gramu 250, kwa bei za wakati ule:

Maembe mabichi: shilingi 900
Chumvi, sukari, siki, pilipili, thomu na bizari: shilingi 1,350
Mafuta: shilingi 600
Chupa na vifuniko: shilingi 1,400
Lebo: shilingi 320
Mkaa: shilingi 250

Jumla ilikuwa shilingi 4,820, yaani kama shilingi 120 kwa chupa. Niliuza kwa 150. Nilidhani napata karibu shilingi 30 kwa kila chupa, na juu ya dhana hiyo nilifanya kazi miaka 3.

Mkufunzi alisogeza kiti akaketi karibu nami, akauliza kwa upole: "Bi, chupa hizi zilifikaje Langoni?" Nikamwambia zilitoka Mokowe kwa boti, kisha hamali akazileta kwa mkokoteni. Hiyo ilikuwa shilingi 400. Akauliza ni nani aliyemenya, akakata, akaanika na kupika. Nikamjibu kwamba ni mimi, siku mbili nzima. Akaniuliza ningemlipa nini mtu mwingine kwa kazi hiyo, nikasema shilingi 600 kwa siku, tukaandika 1,200. Tukaongeza shilingi 180, sehemu ya ada ya leseni inayouangukia mzunguko mmoja. Kisha akauliza kama chupa zote 40 hufika kwa mnunuzi, nami nikakiri kwamba mbili huvunjika au kifuniko chake hukataa kufunga.

Jumla mpya ilikuwa shilingi 6,600, na chupa za kuuzwa ni 38. Gawanya: kila chupa ilinigharimu karibu shilingi 174. Mauzo ya chupa 38 kwa bei ya 150 ni shilingi 5,700, kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa na upungufu wa shilingi 900. Fedha haikunikwisha mfukoni kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mshahara wangu wa 1,200 sikuwa nikijilipa. Kwa siku mbili za kazi nilikuwa nikibaki na shilingi 300.

Fanya hivi kwa bidhaa yako moja inayouzika zaidi, na uhakikishe umeandika mambo manne ambayo watu wa visiwani husahau: usafiri wa majini na hamali, kazi yako mwenyewe, mali inayoharibika, na ada za mwaka zikiwa zimegawanywa. Mvuvi aongeze barafu. Msusi aongeze siku za kutafuta na kukausha miyaa, kwa kuwa ukili haujisuki.

Baada ya hapo kuna njia mbili, kupandisha bei au kubadili unavyouza, na mara nyingi njia ya pili huwa bora. Nilipandisha chupa hadi shilingi 200, na wateja wachache wakaondoka. Lakini mpishi wa hoteli moja ya Shela aliniambia, "Bi, achari yako ni tamu, ila chupa sizihitaji, niletee ndoo ya kilo 5 kila Ijumaa." Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Bila chupa na lebo, kilo moja ilinigharimu shilingi 488, kwa hiyo ndoo ilikuwa shilingi 2,440, na ndoo yenyewe hurudi. Nikamwuzia kwa shilingi 3,000, nikabaki na faida ya 560 baada ya kujilipa mshahara. Angalia vizuri: shilingi 3,000 kwa kilo 5 ni sawa na shilingi 150 kwa gramu 250, bei ileile iliyokuwa ikinitia hasara ndani ya chupa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonizuia kukodi chumba. Chumba kilicho karibu na bahari, pamoja na umeme wake, kingenigharimu shilingi 9,000 kwa mwezi. Chupa ya 200 ikitolewa gharama zake nyingine, bila kuhesabu ada ya leseni, hubakiza kama shilingi 31, kwa hiyo ningehitaji kuuza chupa 291 kila mwezi kulipia chumba tu, sawa na mizunguko 8 ya siku mbili mbili. Na maembe hayapo mwaka mzima. Gawanya kodi ya chumba unachokitamani kwa kinachobaki katika bidhaa moja, nawe utapata idadi ya kuuza kabla ya kupata shilingi ya kwanza ya faida. Ikiwa idadi hiyo inakutisha, usitie sahihi.

Kulijaribu wazo kwa kiasi kidogo

Wazo jipya lisiwekewe fedha nyingi kabla ya kuuzwa mara tatu kwa watu wasio jamaa zako. Usimwulize jirani kama chakula chako ni kizuri, kwa kuwa watu wetu wana adabu na hawatakuambia ubaya wake usoni. Mwuzie, kisha utazame kama atarudi juma lijalo kwa fedha yake mwenyewe. Andika aliyenunua, kiasi gani, na alilipia kwa njia gani. Kwa vitu 20 vilivyouzwa utajua zaidi ya utakavyojua kwa maswali 200.

Jaribio lifanywe katika misimu miwili kabla ya kuamini. Lamu na Malindi zinaishi kwa pepo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, samaki hupungua, na kuanzia Aprili hadi Juni wageni ni wachache na hoteli nyingine hufunga milango. Mvua za masika nazo hazimruhusu mtu kuanika kitu. Kaskazi hurudisha wageni na utulivu wa bahari. Aliyeanza Desemba akaona mauzo mazuri, akakopa Februari na kutakiwa kulipa Mei, hajakosa bidii, amekosa kalenda. Chora miezi 12 kwenye ukurasa mmoja, uweke alama ya msimu wa mali yako, msimu wa wateja wako, Ramadhani, Maulidi, na wakati wa ada za shule. Ukurasa huo ndio mpango wa biashara kwa mtu wa pwani, na mkufunzi akikutaka uandike mpango mrefu, anzia hapo.

Jina, leseni na kodi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu taratibu ni rahisi kuliko inavyosemwa. Jina la biashara husajiliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa takriban shilingi 1,000, na asiye na simu ya kufaa atasaidiwa kwenye Huduma Centre. Fahamu kwamba jina la biashara halikutenganishi na deni: biashara ikishindwa, mdai atakufuata wewe na mali yako. Kampuni yenye dhima ya kikomo husimama kama mtu wa peke yake kisheria, lakini ina gharama na taarifa za kila mwaka, na kwa anayeanza peke yake naona jina latosha. Kusajili jina pia si kulimiliki dhidi ya waigaji. Anayetaka alama yake ilindwe ataiandikisha kwa KIPI, taasisi ya taifa inayosajili alama za biashara, na ulinzi huo hudumu miaka 10 kisha huhuishwa.

Leseni ya biashara hutolewa na kaunti kila mwaka, na ada hutegemea aina na ukubwa. Anayeshika chakula anahitaji pia cheti cha uzima, kinachopimwa upya kila miezi 6, na ukaguzi wa afya ya umma mahali anapopikia. Chakula kilichofungashwa kwa ajili ya maduka kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la taifa, na lebo iwe na jina la chakula, uzito, viambato, mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Mimi niliichelewesha alama hiyo mwaka mzima, nikauza kwa wapishi na majirani tu, na sikujuta, ila nililijua soko nililokuwa nikiliacha.

Kuhusu kodi, pata PIN, yaani namba ya mlipa kodi, kutoka KRA, mamlaka ya mapato, ambayo haina malipo, na uwasilishe taarifa yako kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka hata kama hukupata kitu. Mwenye mauzo yanayozidi shilingi 1,000,000 na yasiyozidi 25,000,000 kwa mwaka huingia katika kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zingatia kwamba ni asilimia 3 ya mauzo na wala si ya faida. Ukiuza kwa shilingi 100,000 kwa mwezi na faida yako ni 5,000, kodi itachukua 3,000 kati yake. Kwa hiyo unapokaribia mpaka wa milioni, rudia hesabu ya chupa moja ukiwa umeingiza kodi hiyo ndani ya bei.

Mtaji, riba na maandishi

Swali la mtaji kwetu haliishii kwenye kiasi. Wengi wanataka kujua kwanza kama fedha hiyo ina riba. Mfuko wa Hustler wa serikali, ulioanzishwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wake wa mtu binafsi hurudishwa ndani ya siku 14, muda ambao ni mfupi mno kwa mali inayohitaji mwezi kuiva. Mfuko wa Uwezo hauna riba bali una ada ya usimamizi ya asilimia 3, na hutolewa kwa vikundi. Kikundi chenyewe lazima kiandikishwe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, kikiwa na watu wasiopungua 10. Kama ada hiyo inakupa shaka ya kidini, mwulize mwanachuoni unayemwamini kabla ya kutia sahihi. Benki zinazofuata sharia zimekuwepo Kenya tangu mwaka 2008, na nyingi hutumia murabaha: benki hununua mashine au mzigo, kisha hukuuzia kwa bei iliyojulikana tangu mwanzo, nawe hulipa kidogo kidogo.

Lakini kabla ya benki kuna mila yetu wenyewe, na nasikitika kwamba madarasa mengi huiruka. Mali kauli ni mtaji: mwenye duka la jumla hukupa sukari na mafuta leo, ukamlipa baada ya kuuza. Mudharaba ni mtaji: mmoja hutoa fedha, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mafungu mliyokubaliana, na hasara ya fedha humwangukia mwenye fedha ikiwa mfanyakazi hakuzembea. Katika musharaka wote wawili hutoa fedha, na hasara hufuata kiasi alichotoa kila mmoja. Tatizo liko katika kutokuandika. Watu huona kwamba kumwandikisha ndugu ni kumvunjia heshima, ilhali aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha kwa urefu kwamba deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Andikeni kiasi, tarehe, mgao wa faida, nani atabeba hasara, na mtu atajitoaje. Wekeni mashahidi wawili na kila mmoja abaki na nakala yake. Nimeona undugu wa miaka 30 ukikatika Lamu kwa ajili ya boti moja ambayo kila mwenza aliamini kwa moyo safi kwamba nusu kubwa ni yake.

Ukipata mtaji, usiutumie wote kwa mzigo. Weka kando fedha ya mizunguko miwili, kwa ajili ya juma ambalo bahari itafungwa au mteja mkubwa atachelewa kulipa. Hapo pia yafaa kusema kwamba sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kuna kina mama wanaopeleka chakula hospitalini na shuleni kwa njia hiyo. Ni fursa ya kweli, lakini iingie aliye na akiba ya kusubiri malipo kwa miezi kadhaa.

Kurudi tena darasani

Miezi 6 baada ya kuanza, fungua daftari na urudie swali la mwanzo: ni jambo gani sasa siwezi kulijibu? Jibu litakuwa jingine, na ndiyo maana darasa moja halitoshi. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa gharama na bei. Wa pili ulikuwa wa makubaliano, kwa sababu wapishi walikuwa watatu na mmoja wao alikuwa na deni la ndoo 6. Wa tatu ulikuwa wa kuajiri, na huko nilijifunza kwamba msichana anayenisaidia kumenya ana haki ya kukatiwa bima ya afya ya jamii kwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, akiba ya uzeeni, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo nami mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Niliongeza gharama hizo kwenye hesabu ya ndoo, na bei ya Ijumaa ikapanda hadi shilingi 3,200. Nilikwenda Shela kumweleza mpishi nikiwa na daftari mkononi, nikamfungulia ukurasa. Aliusoma mstari kwa mstari, akauliza kuhusu bei ya mafuta, kisha akaagiza ndoo mbili.